Karai Langu na Samaki wa Renetta

Mdogo wangu Renetta alirudi Georgia mwezi wa pili, na kabla joto halijaanza alikuwa ameshaninyang'anya Jumamosi yangu.

Si Jumamosi yoyote. Ukoo wetu wa Mabry hukutana kila Julai hapa Macon. Wanatoka Detroit, wanatoka Chicago, wengine Oakland huko mwisho wa nchi, wakubwa kwa watoto, wote na fulana za rangi moja zenye jina letu mgongoni. Ijumaa ni ya kupokeana na kukumbatiana, na kuambiana nani amenenepa. Jumapili ni ya kanisani. Jumamosi, siku yenyewe, ni ya samaki. Na samaki ni mimi, Verdell. Karai la chuma alinipa Mama siku mikono yake ilipoanza kutetemeka. Jiko la gesi linawekwa kwenye ua wake wa nyuma, kambare wanapakwa haradali, wanagaragazwa kwenye unga wa mahindi, na mimi nasimama pale tangu asubuhi mpaka jua linazama. Anayetaka samaki lazima apite kwangu. Hata wale ambao mwaka mzima hawanipigii simu, siku hiyo wananijua kwa jina. "Shangazi Dell, niongeze mkia." "Binamu Dell, hicho kilichokauka kidogo ni changu." Nikipenda nakupa, nisipopenda unakula kabichi.

Mipango yetu hufanyika kwa kikao cha simu. Jumapili baada ya ibada watu wa kamati wanapiga namba moja, wanaingia mmoja mmoja wakijitaja, na binamu yetu Thurman anaendesha. Thurman ni shemasi na anaipenda sauti yake mwenyewe, basi tunamwachia. Asiyekuwa na la kusema anabonyeza nyota na sita ili kuzima sauti ya upande wake, tusisikie mbwa wake wala maji ya choo chake. Akitaka kusema anabonyeza tena.

Katika kikao cha kwanza mwaka huu Thurman akauliza kama kuna jambo jipya. Miaka yote hakuna jambo jipya. Jambo jipya halihitajiki.

"Mimi nina wazo," akasema Renetta, kwa ile sauti yake laini aliyokwenda kuichukua Detroit. "Jumamosi twende Atlanta kwenye lile jumba la samaki. Sasa nakaa karibu nalo, nitashughulikia tiketi za kikundi. Watoto wataona pomboo, wataona pengwini, wataona potwe. Mnamjua potwe? Papa mkubwa kuliko papa wote duniani. Anaelea juu ya kichwa chako, wewe umesimama chini kwenye kioo."

"Na samaki wa Dell je?" akauliza Thurman.

"Mwaka huu tuwapumzishe," Renetta akasema. "Kwani jamani, mtoto gani utampeleka asubuhi akawapungie samaki mkono, halafu jioni umwekee kwenye sahani?"

Laini nzima ikacheka. Nikabonyeza nyota na sita.

"Mimi naweza," nikasema.

"Wewe ni Dell," akajibu mtu wa Chicago, na wakacheka tena.

Nilijua pa kukimbilia. Mama huwa anaingia kwenye kikao kwa simu yake mwenyewe na hasemi kitu mpaka mwisho, na akisema limekwisha. "Mama," nikamwita, "wewe unasemaje? Miaka yote tumekula kwako."

Mama akauliza, "Huyo potwe anakula nini?"

Kura ikawa imepigwa. Renetta akaanza kumweleza, na sauti ya Mama ikawa inasema ehe, ehe, kama msichana anayesimuliwa habari za mchumba. Nikaweka simu mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nina wivu na Renetta, na sioni sababu ya kulizungukia neno. Nimekuwa nao tangu tukiwa watoto, na haujapungua kwa sababu yeye hajapunguza. Alipomaliza shule alipanda basi akaenda Detroit, akafanya kazi ofisini, akaolewa, akaachika, na kila Julai alikuwa anateremka hapa na masanduku mazuri, na Mama anapaka rangi ya mdomo kumpokea. Mimi nilibaki. Mimi ndiye ninayempeleka Mama kwa daktari, ninayemsomea maelezo ya dawa, ninayemkata kucha za miguu. Nimekata kucha zile miaka na miaka na sijasikia mtu akipiga makofi. Renetta akileta chupa ya manukato, chupa inawekwa sebuleni mpaka mchungaji aione.

Na sasa amerudi moja kwa moja. Amepanga nyumba Atlanta, mwendo wa saa moja na kidogo tu kwa gari.

Jumamosi moja nilikwenda kwa Mama kumpaka mafuta ya nywele. Hiyo ni kazi yangu ya Jumamosi. Anakaa kwenye kiti kifupi, mimi nasimama nyuma yake, tunasema watu. Nikamkuta amesukwa tayari, mistari midogo imenyooka mpaka shingoni.

"Nani kakusuka?"

"Netta. Alikuja jana."

"Kakubana hapa mbele."

"Hajanibana."

"Zitakatika, Mama. Nywele zako hazitaki kuvutwa hivi."

"Dell, kaa chini basi."

"Sijachoka."

Magoti yalikuwa yananiwaka moto, lakini sikukaa, maana kiti kilichokuwa karibu kilikuwa na mtandio wa Renetta aliousahau. Mama alikuwa na simu mkononi. Renetta alikuwa amemwekea video za samaki, na Mama, mtu ambaye mimi nilishindwa kumfundisha kufungua ujumbe, alikuwa anazitelezesha kwa kidole bila shida.

"Mtazame huyu," akaniambia. "Mdomo mpana kama mlango wa gereji, na anakula vidudu vidogo vidogo tu vya majini."

"Namjua mtu wa namna hiyo," nikasema. "Mdomo mpana, kazi ndogo."

Mama hakucheka. Aliendelea kutelezesha kidole. "Nimekaanga samaki maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi hata mara moja kumtazama akiwa anaishi na shughuli zake."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu Hosea. Hosea ni mtu wa maneno machache na pai nyingi. Akasema, "Si uende tu ukawaone samaki?"

"Si suala la samaki."

"Najua," akasema.

Usiku ule nilipata la kufanya. Kama Jumamosi imehamia Atlanta, na mimi nitahamia nayo. Jumba lile ni kubwa, umati wa Julai ni mkubwa zaidi, na Mama ni mtu mzima. Atahitaji kiti cha magurudumu. Na kiti kinahitaji wa kukisukuma, anayejua saa za dawa yake na namna anavyojifanya hana kiu. Renetta awe na tiketi zake. Mimi nitakuwa na Mama, mlango hadi mlango, na mtu yeyote atakayetaka kumwonyesha Mama pengwini atapita kwangu, kama anavyopita kwenye karai.

Mama bado anatembea, sikatai. Anakwenda posta kwa miguu, na fimbo yake anaisahau kila anakofika. Lakini nyumba ya posta si jumba la samaki.

Kwenye kikao kilichofuata nikasema, kwa upole kabisa, kwamba naliunga mkono wazo la mdogo wangu, na kwamba nitamsukuma Mama. Thurman akasema Mungu anibariki. Mama akasema, "Mh." Na mimi nikajua nimempata Renetta.

Basi nikapanga. Kiti nilikiazima kanisani, nikakifuta, nikakitia mafuta kwenye magurudumu. Nilipiga simu kule Atlanta kuuliza lifti ziko wapi, vyoo viko wapi, na saa ngapi watu wanapungua kwenye tangi kubwa. Nikaamua tuanze na pomboo wakati wengine bado wanapiga picha mlangoni, halafu twende kwa potwe Mama akiwa hajachoka, tukae mbele ya kioo kile mimi na yeye, nimtolee sandwichi yake ya yai kwenye mfuko. Niliona kila kitu. Nilimwona Renetta yuko nyuma na watoto wa watu, anahesabu vichwa.

Nilifanya hata mazoezi. Nilimkalisha Hosea kwenye kiti nikamsukuma kuteremka barabara yetu na kurudi. Kuteremka kulikwenda vizuri. Kurudi nilifika kwa jirani nikasimama, nimeshika uzio.

"Dell," akasema Hosea bila kugeuka, "mimi naona wewe ndiye wa kusukumwa."

"Mama ni mwepesi kuliko wewe."

"Kila mtu ni mwepesi kuliko mimi. Magoti yako hayajui hilo."

Nilimwambia ateremke atembee. Aliteremka akakisukuma kiti mwenyewe, na mimi nikamfuata polepole, nikijifanya natazama maua ya watu.

Katikati ya hayo Renetta akaniomba sanduku la picha za zamani za ukoo, za mikutano yote ya Julai. Alitaka kuzionyesha ukutani Ijumaa jioni, moja baada ya nyingine, watu wajione walivyokuwa. Nilimpa Hosea ampelekee. Sikutaka kumwona akizishika.

Ndipo ikaja Jumapili ya mwisho wa mwezi wa sita. Nilikuwa jikoni, simu iko mezani na sauti yake iko juu, Hosea yuko mbele yangu na kipande cha pai ya viazi vitamu. Laini yangu ilikuwa imezimwa. Thurman akasoma mambo yaliyokamilika: mabasi tayari, fulana tayari, tiketi Netta kashughulikia, ukumbi wa Ijumaa tayari.

"Na kigari cha umeme kimekodiwa," akasema.

Nikabonyeza nyota na sita. "Kigari gani?"

"Cha umeme, Dell. Cha kukalia. Netta kakikodi dukani huko. Kina kikapu mbele na kengele. Mtu anakaa, anakwenda mwenyewe, hakuna wa kusukuma."

"Hakuna wa kusukuma," nikarudia.

"Hakuna. Mambo ya kisasa."

Nilisema sawa. Nikabonyeza nyota na sita kuzima. Na kwa sababu sikuwa na uhakika kama nimebonyeza sawasawa, nikabonyeza tena. Kila mtu katika ukoo wetu anajua kwamba ukibonyeza mara ya pili sauti inafunguka. Hata watoto wanajua. Mimi nilikuwa na mengine kichwani.

"Umesikia?" nikamwambia Hosea. "Umesikia mwanamke huyo? Ameninyang'anya karai, nikanyamaza. Ameninyang'anya nywele za Mama, nikanyamaza. Nimebakiwa na mikono miwili ya kusukuma kiti, na hiyo nayo kaitafutia mashine. Yenye kengele. Mimi nimekaa hapa na Mama maisha yangu yote, Hosea. Nimemfulia, nimemwogesha alipolazwa, nimeamka usiku akiota anamwita Netta, Netta, na ni mimi ndiye niliyeitika. Niliitika kwa jina lake. Nikasema naam Mama, Netta niko hapa, ili alale. Na leo kila mtu Netta, Netta, kwa sababu kaleta samaki kwenye kioo. Samaki gani huyo asiyelika? Anakuja amepakwa mafuta amepumzika, sisi wengine tumechakaa kwa kazi, halafu yeye ndiye binti. Mimi ni nani? Mimi ni mpishi."

Hosea alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anaitazama simu.

Huwa hakuna kimya kwenye laini yetu. Daima yuko anayekohoa, au mlango unafungwa mahali. Sasa hakuna aliyekohoa.

"Dell," akasema Thurman, na kwa mara ya kwanza sikuisikia sauti yake ikijipenda, "tunakusikia, dada."

Nilinyoosha mkono nikate, na hapo Mama akasema.

"Verdell."

Haniiti hivyo ila kuna jambo.

"Naam, Mama."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kigari si changu," akasema Mama. "Ni chako."

Sikuelewa. Nilimtazama Hosea, na Hosea akaitazama pai.

"Mimi nakwenda posta na kurudi," Mama akaendelea. "Wewe ukija kwangu, nakuona dirishani. Unaegesha, unakaa humo garini, unashika usukani kwa mikono yote miwili mpaka upate nguvu ya kuteremka. Ukiingia ndani unaniambia hukuchoka. Magoti yameisha, mwanangu. Yameishia kwenye karai. Sasa wewe unataka kunisukuma mimi. Nani anamsukuma nani?"

"Nani alimwambia Netta akodi kigari?"

"Mimi."

Ukoo mzima unasikiliza, kutoka Macon mpaka Oakland, na mimi bado nikauliza. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu ungesema hapana," akasema Mama. "Ungesema hapana na ungekaanga. Na lile jumba nilimwomba mimi Netta alitafute. Nilitaka Jumamosi moja, moja tu, nikae nawe usiwe umesimama."

Nikakata simu.

Mtu angedhani niliona haya, na kidogo niliona. Lakini nikiwa kitandani usiku ule si haya iliyonikosesha usingizi. Niliwaona wawili wale wamekaa sebuleni kwa Mama, Renetta na mtandio wake, wakinijadili magoti. Walikuwa na siri, wao wawili, na siri yenyewe ni mimi. Hata mapenzi ya Mama kwangu yalinifikia yamepitia mikononi mwa Renetta.

Kesho yake gari lake likasimama nje. Nilikuwa ua wa nyuma nasugua karai. Halikuwa chafu, tangu Julai iliyopita halijatumika, lakini nilikuwa nalisugua. Renetta akaja na sanduku la picha chini ya kwapa. Hakuwa amepaka kitu usoni, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye amezeeka.

"Usisimame," akasema.

"Nimesimama tangu zamani, sijaambiwa na wewe."

"Haya. Simama."

Aliliweka sanduku kwenye ngazi. Nikaendelea kusugua. Kisha akasema, "Alikuwa ananiita kweli? Usiku?"

"Alipolazwa. Dawa zilikuwa kali."

"Na ukaitika."

"Sasa ningemwambia nini? Kwamba uko Detroit?"

Akatikisa kichwa. Akafungua sanduku. "Nilitaka kuweka picha za kila mtu ukutani, Dada. Mwaka hadi mwaka. Thurman yumo na kipara chake kinavyokua, watoto wamo, mimi nimo na nywele zile za aibu. Wewe humo. Nimezitoa zote, nimezitandaza chini sebuleni. Humo hata moja. Nimekupata kwenye hii tu."

Nikafuta mikono kwenye aproni nikaichukua. Meza ndefu, sahani za karatasi, watu wamebanana. Renetta yuko katikati, amemkumbatia Mama, anacheka na kamera. Pembeni kabisa, karibu kukatwa na ukingo, mkono umetokeza, umeshika koleo, na kwenye koleo kuna kipande cha samaki.

"Ndiyo," nikasema. "Huyo ni mimi. Mkono." Na niliona kama nimeshinda kesi. Kila nililosema kwenye simu lilikuwa pale, mtu yeyote angeliona: yeye na Mama mezani, mimi mkono.

"Mtazame Mama," akasema Renetta.

"Namwona."

"Mtazame vizuri. Anatazama wapi?"

Watu wote wale walikuwa wanaitazama kamera. Mama hakuitazama. Renetta amemzungushia mkono, shavu kwa shavu, na Mama amegeuza shingo, anacheka, macho yake yamekwenda pembeni, yamelipita lile koleo, yamemfuata aliyelishika.

Renetta akatoa nyingine. Fulana za manjano. Mama amegeuka. Akatoa nyingine, Mama ana kofia ya kanisani, amegeuka, mdomo wazi, anamwambia kitu mtu ambaye hayumo. Kwenye zote Renetta yuko kando yake, na kwenye zote Mama anatazama kwingine.

"Hosea alikuwa ananitumia nakala Detroit," akasema. "Nilikuwa nazibandika kwenye friji. Wenzangu kazini wakija kula wananiuliza, mama yako hapa anamtazama nani? Nasema, dada yangu, yuko kwenye samaki. Ikafika mahali nikazibandua."

"Kwa nini?"

Renetta akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Wewe ndiye mwenye wivu katika ukoo huu. Nikueleze mimi?"

Nitasema kweli: nilifurahi. Ilikuwa furaha mbaya, najua, na sikuifukuza. Miaka yote ile ya masanduku mazuri, na yeye jikoni kwake Detroit anabandua picha kwa sababu yangu. Niliishika ile picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na yeye akaniacha niishike. Alikuwa anachezea mfuniko wa sanduku. Ana mikono kama ya Mama, sikuwahi kuisogelea kiasi cha kuiona.

"Ijumaa wanafika na njaa," nikasema mwishowe. "Tutakaanga samaki Ijumaa. Watoto watakula kwanza, Jumamosi wakaombe radhi mbele ya kioo."

"Na nani atakaanga? Mama kasema wewe usi—"

"Nimesikia alichosema Mama. Ukoo wote umesikia." Niliwasha jiko, nikamimina mafuta kwenye karai, nikamletea kambare wachache niliokuwa nimewaweka kwa chakula cha jioni cha Hosea. Nikamwonyesha haradali, nikamwonyesha unga. Kisha nikampa koleo.

Alilishika vibaya, kama mtu anayeokota mdudu.

"Usiwageuze mpaka wajiachie wenyewe chini," nikamwambia. "Ukiharakisha nitakuona."

Nikavuta kiti, nikakaa, nikamtazama.

Alipomtia samaki wa kwanza, mafuta yakamrukia, akaruka nyuma. "Dada, usinikodolee macho hivyo," akasema. "Nitaunguza."

"Unguza," nikasema. "Mimi nipo."